Askari Weusi, Baiskeli na Matope ya Montana, 1897

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya tarehe 14 Juni 1897, askari 20 Weusi wa Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu ya Marekani walitoka Fort Missoula, katika jimbo la Montana, wakiwa juu ya baiskeli. Walikuwa wakielekea St. Louis, Missouri, mwendo wa maili 1,900, yaani zaidi ya kilomita 3,000. Walifuatana na Weupe watatu: kamanda wao Luteni James A. Moss, daktari wa jeshi James M. Kennedy, na Edward Boos, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiandikia gazeti la mji wa Missoula. Mbele yao hapakuwa na barabara ya lami ya kuunganisha mji na mji. Palikuwa na njia za mikokoteni, mapito ya ng'ombe, vijito visivyo na madaraja, na Milima ya Rocky. Tena Juni ni mwezi wa mvua katika nchi ile.

Kisa hiki hakijulikani sana, na pale kinapojulikana husimuliwa kama kioja cha zama za baiskeli. Mimi nakisoma kama sura katika historia ya utawala. Kila mtumishi wa umma aliyewahi kuandika ripoti ya mradi analifahamu swali lililomo ndani yake, hata kama hajapata kulitamka: ripoti inapima nini, na jasho la nani huingia katika hesabu likiwa limepewa jina la kitu kingine? Safari ya Missoula ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa sababu karibu kila jambo la safari ile liliandikwa: uzito wa mizigo, kasi kwa saa, idadi ya siku. Tena tunajua yaliyompata mmoja wa wale ishirini miaka tisa baadaye.

Baada ya mwaka 1869 jeshi la Marekani lilikuwa na rejimenti nne za askari Weusi, mbili za farasi na mbili za miguu, chini ya maafisa ambao karibu wote walikuwa Weupe. Rejimenti hizo zilipelekwa zaidi katika nchi za magharibi, mbali na miji mikubwa. Ya 25 ilifika Montana mwaka 1888. Tusiwapambe askari hao kupita kiasi. Walikuwa mkono wa dola iliyokuwa ikikamilisha kuwanyang'anya Wahindi Wekundu ardhi yao, na mwaka 1894, wafanyakazi wa reli walipogoma, askari wa rejimenti hiyohiyo ndio waliowekwa kulinda reli ya Northern Pacific. Mtu aliyenyimwa uraia kamili alipewa bunduki ya kulinda mali ya wenye uraia. Sisi tuliosoma historia ya askari wa King's African Rifles hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Moss alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake, akapangiwa rejimenti ya Weusi, ambako maafisa wengi Weupe hawakupenda kwenda. Alikuwa mpenzi mkubwa wa baiskeli, na wakati ulikuwa upande wake. Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na matairi ya upepo ilikuwa imeenea kote Marekani, na majeshi ya Ulaya yalikwisha kuunda vikosi vya waendesha baiskeli. Jenerali Nelson Miles, mkuu wa jeshi la Marekani, aliliunga mkono wazo hilo. Hoja za Moss zilikuwa za mtu wa bajeti. Baiskeli haili, hainywi, hailii usiku ikamshtua adui, wala haihitaji mtu wa kuishikilia wakati wengine wanapigana.

Mwaka 1896 akapewa ruhusa ya kuunda kikosi cha watu wanane. Mwezi Agosti waliendesha maili 126 kwenda ziwa McDonald na kurudi, katika siku nne za mvua, upepo na pancha. Mwezi huohuo wakaanza safari ya karibu maili 800 kwenda mbuga ya Yellowstone na kurudi. Huko ndiko ilikopigwa picha yao mashuhuri, askari wakiwa wamesimama na baiskeli zao juu ya ngazi nyeupe za miamba ya chemchemi za maji ya moto. Picha ni safi mno. Hakuna hata chembe ya tope katika sare zao.

Tope ndilo jambo lenyewe, kwa hiyo tulitazame kwa makini. Sehemu kubwa ya mashariki ya Montana ina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa maji, jamaa wa karibu wa udongo mweusi wa mbuga tunaoufahamu Usukumani au kwenye nyanda za Athi kule Kenya. Aliyewahi kusukuma baiskeli katika udongo huo wakati wa mvua anajua unavyofanya kazi. Tairi huokota tabaka la kwanza. Tabaka hilo huokota la pili. La pili huokota nyasi na vijiti. Baada ya hatua chache nafasi kati ya tairi na foki imejaa, na gurudumu linagoma kama lililofungwa breki. Unachukua kijiti au kisu, unachokonoa, unaendelea hatua ishirini, kazi inaanza upya. Mwenye uzoefu hung'oa madigadi kabisa akayafunga nyuma ya kiti. Mwisho wa yote mtu huibeba baiskeli begani, na hapo chombo kilichoundwa kimbebe yeye kinakuwa mzigo wake.

Mzigo wenyewe haukuwa mdogo. Baiskeli za kampuni ya Spalding zilizotumika, zikiwa na ringi za chuma, zilikuwa na uzito wa wastani wa ratili 59 baada ya kufungwa blanketi, hema, chakula na vyombo, yaani karibu kilo 27. Juu yake kila askari alibeba bunduki mgongoni, na risasi 50. Jumlisha tope lililoshika kwenye ringi, cheni na pedali. Chakula kilikuwa kimetangulizwa kwenye vituo vya njiani, takriban kila maili mia moja, na kila mtu alibeba mgawo wa siku mbili tu. Mpango huo ni mzuri pale njia inapokuwa kavu. Njia ikilowa, maili mia moja zinaacha kuwa safari ya siku mbili, na siku ya matope inakuwa pia siku ya kupungua kwa chakula.

Katika kuvuka mgongo wa Milima ya Rocky walikutana na theluji iliyochanganyika na mvua. Walipoteremka upande wa mashariki, matope yakawa ndiyo barabara. Mara nyingi waliiacha njia wakapanda juu ya tuta la reli, wakaendesha katikati ya vyuma viwili, juu ya mataruma. Hebu msomaji afikirie: kila taruma ni pigo, na maili moja ina mataruma maelfu, huku masikio yakisikiliza treni. Reli hiyo ndiyo ileile ya Northern Pacific ambayo rejimenti yao iliilinda dhidi ya wafanyakazi waliogoma miaka mitatu kabla. Kukaa juu ya mataruma kulikuwa nafuu kuliko tope, na neno hilo pekee linatosha kueleza tope lilikuwaje.

Fundi wa kikosi alikuwa askari wa kawaida aitwaye John Findley, ambaye kabla ya kujiunga na jeshi alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha baiskeli Chicago. Natamani tungekuwa na daftari lake. Baiskeli zaidi ya ishirini, matairi ya upepo ya karne ya 19, mawe ya milimani, tope linalosaga cheni kama msasa: mtu huyu alikuwa na kazi ya kuanzia pale wenzake walipomaliza ya kwao. Mafundi baiskeli wetu wa vijijini, wale wanaokaa chini ya mwembe na beseni la maji la kutafutia tundu la pancha, wangemwelewa upesi kuliko wanahistoria wa vita.

Nebraska nitaipita haraka, ingawa wao hawakuipita haraka. Huko mateso yaligeuka: jua kali, mchanga mwingi usiopitika kwa baiskeli, na maji ya magadi yaliyowaharisha. Moss mwenyewe aliugua akabaki nyuma kwa siku kadhaa, na Daktari Kennedy akaongoza. Tarehe 24 Julai wakaingia St. Louis, wakisindikizwa na mamia ya waendesha baiskeli wa mji, na maelfu ya watu wakaenda kuwatazama katika bustani ya Forest Park. Siku 41 tangu waondoke, ambazo 34 zilikuwa za mwendo, wastani wa karibu kilomita 90 kwa siku.

Wastani ni takwimu yenye adabu kupita kiasi. Hauonyeshi siku ambayo watu walisukuma na kubeba kutwa nzima, kwa sababu siku hiyo huchanganywa na ile ambayo njia ilikauka wakakimbia. Moss alieleza matokeo kwa kusema kwamba kikosi cha baiskeli kinaweza kwenda mara mbili ya kasi ya askari wa miguu au wa farasi, kwa theluthi moja ya gharama. Naamini hesabu yake ilikuwa ya kweli. Lakini tazama sentensi hiyo ilivyojengwa: anayekwenda ni kikosi cha baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyofaulu mtihani. Katika siku za mvua, ambazo ndizo zilizokuwa mtihani hasa, baiskeli haikufaulu kitu. Ilikwama. Kilichofika St. Louis kilifikishwa na mabega ya watu, kisha ufanisi wa mabega ukaandikwa kwenye safu ya mashine.

Ubishi upo kuhusu kwa nini jeshi halikuendelea na mpango huo. Wako wanaosema ni ubaguzi tu. Sioni kwamba ushahidi unatufikisha mbali kiasi hicho. Tope lilimjibu Moss swali alilouliza, na jibu lilikuwa kwamba bila barabara baiskeli haiwezi kuchukua nafasi ya farasi. Baada ya muda mfupi magari ya petroli yakaliondoa swali lenyewe mezani. Moss aliomba warudi kwa baiskeli hadi St. Paul, Minnesota. Akakataliwa, wakarudi kwa treni. Mwaka uliofuata vita na Hispania vikaanza, na kikosi cha baiskeli kikavunjwa. Ninachodai mimi ni kidogo zaidi, lakini kina uzito wake: jeshi lilikuwa na takwimu za uvumilivu wa watu hawa, zilizokusanywa kwa amri yake lenyewe, na halikuona kwamba takwimu hizo zinalidai kitu.

Barabara nazo zina siasa yake. Madai ya barabara nzuri Marekani hayakuanzishwa na wenye magari. Yalianzishwa na waendesha baiskeli, chini ya chama chao kilichoundwa mwaka 1880, League of American Wheelmen. Walichapisha majarida, wakawabana wanasiasa, na mwaka 1893 serikali ikaunda ofisi ya kuchunguza masuala ya barabara ndani ya wizara ya kilimo. Mwaka uliofuata, 1894, chama hichohicho kikabadili katiba yake kuwazuia Weusi kuwa wanachama. Kwa hiyo mwaka 1897 waliokuwa wakijaribu barabara mbaya kuliko zote, kwa niaba ya taifa, hawakuruhusiwa kujiunga na chama kilichopigania barabara nzuri. Marshall Taylor, kijana Mweusi aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli mwaka 1899, aliendesha maisha yake yote ya michezo chini ya kivuli cha katazo hilo. Chama kililitangua rasmi mwaka 1999, yaani baada ya miaka mia moja na mitano.

Sasa nirudi kwa mmoja wa wale ishirini. Sajini wa kikosi katika safari ya St. Louis aliitwa Mingo Sanders, mzaliwa wa South Carolina, aliyeingia jeshini mwaka 1881. Baada ya baiskeli alipelekwa Cuba, ambako Rejimenti ya 25 ilipigana El Caney tarehe 1 Julai 1898, kisha Ufilipino. Alipanda hadi kuwa sajini wa kwanza wa Kombania B, cheo cha juu kuliko vyote kwa askari asiye afisa katika kombania. Sanders alisimulia kwamba kule Cuba afisa mmoja wa kikosi cha kujitolea alimwomba awagawie askari wake wenye njaa biskuti ngumu za jeshi, naye akawagawia. Afisa huyo alikuwa Theodore Roosevelt.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906 risasi zilifyatuliwa katika mji wa Brownsville, Texas, ambako kombania tatu za Rejimenti ya 25 zilikuwa zimefika wiki chache tu kabla, na kupokewa kwa chuki. Mtu mmoja aliuawa na polisi mmoja akajeruhiwa. Wakazi wakawanyooshea kidole askari Weusi. Maafisa wao Weupe walieleza kwamba askari walikuwa kambini wakati wa tukio. Baraza la wazee wa mahakama la huko Texas lilipochunguza halikumshtaki hata mmoja. Hapo ndipo uongozi wa jeshi ulipokuja na hoja mpya: ikiwa hakuna anayemtaja mkosaji, basi wote wamekula njama ya kunyamaza. Roosevelt, sasa akiwa Rais, akaamuru askari 167 waachishwe jeshi bila heshima, na wasiajiriwe tena serikalini. Amri ilitangazwa baada tu ya uchaguzi wa Bunge wa mwezi Novemba, wapigakura Weusi wa majimbo ya kaskazini wakiwa wamekwisha kupiga kura zao.

Hapakuwa na mahakama ya kijeshi. Hakuna askari aliyesomewa shtaka lake, wala aliyepewa nafasi ya kulijibu. Mingo Sanders, mwenye utumishi wa robo karne na barua za sifa kutoka kwa maafisa wake, alipoteza kazi na pensheni akiwa amebakiza muda mfupi tu kuistahili. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa anayepiga mateke si punda.

Kwa wasomaji wangu walioko maofisini nitaongeza jambo moja. Haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, ambayo kwetu imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, mara nyingi huonekana kama kigugumizi cha wanasheria kinachochelewesha maamuzi. Mkuu mwenye haraka huona faili, huona kelele za wananchi, huona kwamba kuwaondoa wote ni rahisi kuliko kumtafuta mmoja. Roosevelt hakuwa mtu mjinga wala mvivu. Alikuwa mpenda maamuzi ya haraka, na umma ulimpendea hilo. Kilichomshinda ni kile ambacho ripoti ya 1897 pia ilishindwa: kuwaona watu 167 kama watu 167.

Seneta Joseph Foraker wa Ohio, wa chama kilekile cha Rais, alilivalia njuga suala hilo Bungeni, na likamgharimu kisiasa. Mwaka 1910 jopo la maafisa liliwaruhusu askari 14 tu kati ya wale 167 kuomba kurudi jeshini, bila kueleza hao 14 wamewazidi nini wenzao. Sanders hakuwa miongoni mwao. Alifariki mwaka 1929.

Roosevelt tunamkumbuka sisi pia. Alimaliza urais Machi 1909, na mwezi uliofuata aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit kuanza safari ya kuwinda na kukusanya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Sehemu ya kwanza alisafiri kwa reli ya Uganda, akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini ili aone wanyama. Reli ilipoishia wapagazi zaidi ya 200 wakachukua mizigo vichwani, pamoja na tani kadhaa za chumvi ya kukaushia ngozi, na katika kitabu chake ameandika kwamba walimwita Bwana Mkubwa. Vielelezo zaidi ya 11,000 vikapatikana, vikaorodheshwa, na heshima ikaenda kwa msafara. Miaka saba baadaye, katika vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa hapahapa kwetu, mvua za masika ziliyakwamisha magari, mbung'o wakawaua farasi, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu kwa maelfu kwa maelfu. Kumbukumbu yao katika Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo. Sanamu yenyewe, ile ya mwaka 1927 kule Posta, ni ya askari mwenye bunduki.

Moss aliendelea vizuri. Akapanda hadi kanali, akaandika vitabu vya mafunzo ya kijeshi vilivyotumika sana, akafa mwaka 1941 katika ajali ya gari mjini New York. Simlaumu; alikula tope lilelile na wenzake, na kama si yeye tusingejua habari hii. Lakini linganisha faili lake la utumishi na la Sanders.

Mwaka 1970 mwandishi John D. Weaver alichapisha kitabu kilichopekua upya ushahidi wa Brownsville, na kuonyesha kwamba askari hawakuwa na hatia. Mbunge Augustus Hawkins akalisukuma jambo hilo, na tarehe 28 Septemba 1972 jeshi likabadilisha kumbukumbu za wale 167 zisomeke kwamba waliondoka kwa heshima. Amri hiyo haikuambatana na mishahara wala pensheni za nyuma. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Dorsie Willis, mwenye umri wa miaka 86, alipatikana Minneapolis, ambako kwa takriban miaka 60 alikuwa aking'arisha viatu katika kinyozi. Bunge likapitisha alipwe dola 25,000, na hundi akakabidhiwa Januari 1974.

Mwaka huohuo kundi la wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Montana lilitoka Missoula kwa baiskeli, likaifuata upya njia ya wale ishirini mpaka St. Louis.